Jina la Upande wa Baba

Mtoto alikuwa akilia tangu asubuhi. Katika mji ule, kichanga akilia hivyo hutajiwa wafu wa ukoo mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Wafu wa upande wa mama waliisha kabla chai haijapoa.

"Sasa upande wako, Mwalimu," bibi wa mtoto alimwambia mkwewe.

Lugendo, mwalimu wa hesabu, aliokotwa sokoni akiwa mchanga. Hakuwa na mfu hata mmoja. Lakini wanawake wote walikuwa wakimtazama, akainama.

"Trapeza," alisema kwa sauti ya chini. Mtoto akazidisha. "Logarithimu." Akalia hadi akapaliwa. "Haipotenusi."

Kimya.

"Huyo alikuwa nani?" bibi aliuliza.

Mwalimu alifikiri kwanza, maana hakuzoea kusema uongo.

"Katika watatu, ndiye mrefu kuliko wote, Mama. Wenzake wawili kila mmoja hushika njia yake. Yeye ndiye anayewaunganisha."

Bibi alichovya kidole kwenye maji, akampaka mtoto kwenye paji la uso. "Haipotenusi, karibu tena nyumbani." Kisha akamgeukia mkwewe. "Amezikwa wapi, twende tukamfagilie kaburi?"

Mwalimu alitazama vidole vyake. Bado vilikuwa na chaki.