Usiongeze Mwanga

"Usiongeze mwanga hata kidogo!" mama mkwe alifoka kutoka kitini kwake, fimbo ikagonga sakafu. "Mdudu mweusi mwache awe mweusi. Kwani anaenda harusini?"

Mke wa mwanawe, mshonaji wa nguo, alicheka mpaka kidole kikamteleza kwenye kompyuta. Mwanga wote ukafumuka kwa pamoja. Mbawakawa aliyekuwa mweusi tii akageuka rangi ya majivu, na vipapasio vyake vikatoweka kama vimenyolewa.

"Umeona? Umeshamchoma mzimamzima!"

"Mama, usinichekeshe bwana, nitachelewa."

Alirudisha picha ilivyokuwa, akaanza upya. Ilikuwa picha yake ya kwanza kupeleka kwenye mashindano, na maktaba ilikuwa inapokea picha mwisho adhuhuri hiyo hiyo. Kupiga, alikuwa ameipiga vizuri: mbawakawa ametulia kwenye fremu ya dirisha la jikoni, lenzi imemsogelea mpaka vinyweleo vya miguu vinaonekana. Za mwanzo zote zilitoka na ukungu, maana redio ilikuwa inaunguruma na sakafu ilikuwa inatetemeka. Alidhani ni lori linapita. Kisha ikatoka moja safi kabisa. Aligeuka kwa furaha kumwonyesha mama mkwe, akamkuta kitini anajipepea kwa kitambaa na kulalamikia joto.

Kasoro ilikuwa giza tu. Gamba la mgongo, ambalo kwa macho liling'aa kama sufuria mpya, pichani lilikuwa shimo jeusi. Akiongeza mwanga wote, mdudu anaungua. Asipoongeza, haonekani. Na tangu asubuhi mama mkwe alikuwa analitetea hilo giza kwa nguvu zake zote, yeye ambaye kwa kawaida alipenda kila kitu kiwake, kuanzia taa za sebuleni mpaka rangi ya kucha.

Mama huyo alikuja kukaa wiki moja tu, goti lake limevimba. Wiki ikawa miezi, na mshonaji hakuwahi kuwa na raha kama hiyo tangu aolewe. Nyumba iliyokuwa kimya kama ofisi siku ya mapumziko sasa ilijaa utani, redio na vicheko. Lakini mume wake alishasema: goti likipona tu, mama anarudi kwa kaka mkubwa, ambako watu hula bila kuongea na redio huwashwa kwa ajili ya taarifa ya habari peke yake.

Kwa hiyo kila mume alipouliza, "Goti vipi, mama?" mshonaji alibana pumzi. Jibu lilipokuwa "Linauma, mwanangu," alizishusha, kisha akaona aibu. Mkwe gani humwombea mama mkwe wake goti bovu? Na leo mume alikuwa ameahidi kurudi mchana amtembeze mama mpaka getini bila fimbo, ajionee mwenyewe.

"Mama, safari hii nimeelewa," mshonaji alisema, akajisogeza karibu na skrini. "Siongezi mwanga wote. Nafungua vivuli tu."

"Vivuli vimekukosea nini?"

Kwanza alishusha weupe, ule mng'ao wa dirisha uliokuwa tayari kuungua. Halafu akaanza kufungua vivuli polepole, kama anayefumua mshono kwenye hariri. Lo! Gamba likaitika. Mgongoni mwa mbawakawa jiko zima likaanza kujitokeza, dogo na la mviringo: kichwa cha mshonaji mwenyewe kimeinamia kamera, meza, mlango, redio juu ya kabati. Moyo ukamrukaruka. Hii ilikuwa picha ya ushindi, hata kipofu angeiona.

Mama mkwe aliikumbatia fimbo yake kwa mikono miwili.

Mshonaji akasogeza kidogo tena. Akainama. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kumcheza, machozi yakamtiririka.

"Kuna nini?" Mume alikuwa ameingia, mfuko wake wa vifaa vya umeme bado begani. "Imetoka? Hebu niione."

Mkono wa mshonaji ulikuwa mwepesi kuliko yeye. Alivuta mwanga nyuma mpaka mwisho, akabonyeza, picha ikaenda maktaba hivyo hivyo ilivyo.

Mume akainama juu ya skrini. "Mbona giza tupu?"

"Mama ndiye aliyenishauri. Mimi bado najifunza."

"Nilimwambia," mama mkwe alisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

"Basi utajaribu mwakani." Mume akamgeukia. "Goti vipi, mama?"

Mama mkwe hakumtazama mwanawe. Alimtazama mkwe wake. "Li... linauma, mwanangu."

"Linauma sana," mshonaji alidakia, akamsogezea fimbo mkononi na kujifuta machozi. "Huko getini usimpeleke. Na mwaka huu wote sidhani kama litapona."

Ndani ya lile giza, mgongoni mwa mbawakawa, mama mkwe alikuwa katikati ya jikoni, fimbo ameinyanyua juu kama bendera, mguu mmoja ameurusha hewani kwa kucheza, na uzito wake wote ameubeba kwa ule wenye goti bovu.