Mkono wa Bi Mwatatu

Birika lilianza kunguruma kabla ya alfajiri. Bi Mwatatu alimwamsha mgeni wake, Tunu, wakanywa chai, kisha wakateremka ziwani, wakazama kuzibua bomba la maji ya mji.

Kule chini, tawi lilinasa miwani ya Tunu ya kuzamia, likaivuta kando. Maji ya baridi yalimwingia machoni na puani, pumzi ikakatika. Alitaka kuutema mpira wa kupumulia akimbilie juu. Mkono wa Bi Mwatatu uliwahi kuuzuia mpira mdomoni, ukangoja bila kumsukuma. Tunu alipoanza kuvuta hewa tena, Bi Mwatatu aliirudisha miwani, akaibana kwenye paji. Tunu akapuliza kwa pua mpaka maji yakatoka ndani ya miwani.

Ukingoni, macho yakiwa yamemtoka, aliona damu kwenye mkono wa Bi Mwatatu.

"Ni mimi, Bi?"

"Una kucha kama paka."

"Sirudi tena kule chini."

"Usirudi, mwanangu."

Vidole vya Tunu vilikuwa bado vimeung'ang'ania mkono ule ule. Bi Mwatatu hakuuondoa.

"Lakini nyumbani njoo tena," alisema. "Njoo tu unitembelee."