Kuku Aliyejiandikisha Mashindanoni

Kuku mmoja, aliyeogopa hata maji ya bakuli, alijiandikisha kwenye mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Swala alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada Kuku, wewe hata uani kwako hutoki!"

Kuku akaanza mazoezi. Kila alfajiri Bata alimshika tumbo mtoni mpaka akajua kuelea. Nyani alimfundisha baiskeli, wakaanguka pamoja migombani wakicheka. Jioni alikimbia na Kanga, umbea ukiwasahaulisha mlima.

Siku ilipofika, Swala alishinda, akavishwa taji la maua. Kuku aliingia wa mwisho, wanyama wameshakunja mikeka. Walibaki Bata, Nyani na Kanga tu, wakimpigia vigelegele.

Kesho yake alfajiri Swala alimwona Kuku akishuka mtoni.

"Mashindano si yamekwisha? Unakwenda wapi?"

"Kuogelea. Bata ananingoja."

Swala alilitazama taji lake lililonyauka. Miezi yote alijizoeza peke yake, na asubuhi hiyo hapakuwa na wa kumngoja popote.

"Dada," akasema polepole, "nami naweza kuja?"

Kuku alicheka mpaka akakaa chini.

"Twende, kaka! Ila ujue, baiskeli ni moja, na haina breki."