Helmeti za Wageni

Helmeti kumi nyeupe zilikaa kabatini, zimefungiwa kama vyombo vya sikukuu, zikisubiri wakubwa waje kukagua jengo. Mafundi walipanda ghorofani na vitambaa kichwani, mpaka juzi tofali lilipomwangukia mwenzao Shekue, likampasua utosi.

Asubuhi ya ukaguzi, wageni hao walikuwa njiani. Mwasiti, mtunza stoo, alifungua kabati, akawavisha mafundi helmeti zote, akimkazia kila mmoja mkanda kidevuni kwa mikono yake mwenyewe.

Msimamizi akaja mbio. "Mwasiti, helmeti za wageni ziko wapi?"

"Ziko juu, bosi. Zimeenda kazini."

"Waambie wazivue sasa hivi! La sivyo, kazi huna."

Mwasiti alimwekea ufunguo wa kabati mkononi. "Kazi chukua. Lakini kuwavua, panda ukawavue mwenyewe."

Msimamizi akaiendea ngazi kwa hasira. Juu nyundo zilikuwa zikilia, na kipande cha saruji kikamdondokea begani. Akasimama. Langoni magari ya wageni yakapiga honi, yakapiga tena. Yeye bado alikuwa pale chini, mguu mmoja kwenye ngazi, kiganja juu ya upara wake.