Mchi wa Pili

"Marehemu mama ameacha watoto wangapi?" aliuliza Bi Raya, muuza dawa za mitishamba, huku akichambua majani ya kivumbasi.

"Wawili. Mimi na Hidaya." Alipotaja jina hilo, sauti ya Sikudhani ilikauka. Alikuja kutafuta dawa ya usingizi, maana tangu mazishi alikuwa halali. Wala hakuwa amesemezana na dada yake tangu siku ile, ila hilo hakulisema.

Bi Raya akamfungia majani. "Uyatwange, uchemshe, unywe jioni. Lakini dawa hii haitwangwi na mtu mmoja, mwanangu. Ni kinu kimoja, michi miwili, wewe na uliyenyonya naye ziwa moja."

"Hakuna nyingine, Bibi?"

"Ipo. Ya kikohozi."

Alasiri Sikudhani alitua kinu cha mama yao kwenye baraza ya Hidaya, akaegemeza mchi mmoja mlangoni. Hakupiga hodi. Bi Raya fundi kweli, aliwaza, kaijua ndwele kwa jina moja tu! Akamimina majani, akatwanga pigo moja, kisha akaushikilia mchi wake juu, akiacha nafasi ya pigo la pili.

Ndani, komeo likalia.