Glavu za Njano

Ndani ya mkoba wa Glenys mlikuwa na glavu za mpira za kuoshea vyombo, na huko alikokuwa anakwenda asubuhi hiyo hapakuwa na vyombo vya kuosha. Njiani alizigusa mara mbili, kama mtu anayehakikisha funguo zake hazijaanguka.

Binti yake, Narelle, alikuwa kitandani kwenye kliniki moja ya Adelaide, miguu imevimba na kuwa na rangi ya zambarau kuanzia nyongani hadi kwenye vifundo. Ilikuwa siku ya tatu tangu anyonywe mafuta. Daktari alisema zilitoka lita saba, na Juni atarudi kufanyiwa mapaja kwa nyuma. Alisema ugonjwa huo unaitwa lipedema. Upasuaji hauumalizi, ila hupunguza maumivu na uzito, na mtu akaweza kutembea tena. Mafuta yake, alisema, hayasikii njaa; mtu ajinyime chakula vipi, hayapungui.

Hayasikii njaa. Glenys alikuwa amekaa na maneno hayo siku tatu.

Maana ni yeye aliyetia kufuli kwenye kabati la biskuti, Narelle alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Ni yeye aliyemwekea majani ya saladi huku kaka zake wakila chipsi. Krismasi keki ilipokatwa, macho ya mama yalimfuata msichana mpaka akairudisha sahani mwenyewe. Mbavu zikaanza kuhesabika, kiuno kikawa cha nyigu, miguu ikabaki vilevile. Glenys aliiona michubuko mapajani mwa mtoto, ile inayotokea hata mtu akiguswa kidogo tu. Hakuuliza ilitoka wapi.

Na kila kiangazi, wengine wote wakiwa majini, Glenys alibaki mchangani na suruali yake ndefu, akilinda taulo. Watoto walikuwa wakimtania kwamba anaogopa papa.

"Daktari ameniuliza tena habari za ukoo," Narelle alisema. "Eti ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Nikamwambia kwetu hakuna. Bibi mzaa baba alikuwa na miguu kama korongo, na wewe ndiyo kabisa, Mama, umekauka kama ukuni."

Glenys alitazama dirishani.

Narelle akaendelea kusimulia, taratibu, kama anayemliwaza mama yake. Daktari anasema si kosa lake, lakini daktari ni mpole tu, hiyo ndiyo kazi yake. Kama si damu, basi ni mdomo. Na sasa Tilly, binti yake wa miaka kumi na mmoja, ameanza kukataa sketi ya netiboli. Anavaa suruali ya mazoezi hata kwenye joto.

"Nimenunua kufuli," Narelle alisema. "La kabati, kama lile lako. Wewe ulikuwa na akili, mimi ndiye nilikuwa mwizi wa biskuti." Akacheka, na kicheko kikamuumiza mapaja.

 Akilini Glenys alimwona Tilly amesimama jikoni mbele ya kabati lililofungwa, mkono umeinuka nusu, kisha umeshuka. Alijua ule mkono unavyoshuka. 

Nesi akaingia. Alikuwa mwanamke mnene wa visiwa vya Tonga, mwenye maneno mengi, jina lake Mele, na alikuja na jozi ya soksi za kubana miguu isivimbe, nzito, rangi ya chai ya maziwa. Zilitakiwa kupanda hadi juu ya paja, na zisiwe na mkunjo hata mmoja, maana mkunjo hukata nyama.

"Hizi zina roho mbaya kuliko mama mkwe wangu," Mele alisema, akaanza kuvuta ya kwanza.

Soksi ilikwama kwenye kifundo. Akaivua, akaanza upya, ikakwama chini ya goti na kujiviringisha kama kamba. Narelle aliuma shuka. Machozi yalimtoka bila sauti, vilevile alivyokuwa akilia utotoni, ili asisikike chumba cha pili.

Glenys aliinuka. Akatoa glavu zake za njano mkobani, akazivaa.

"Hebu nipishe kidogo, mwanangu," alimwambia nesi.

Aliipindua soksi nje-ndani mpaka kisiginoni, akautia mguu wa binti yake kwanza, vidole mpaka kisigino. Kisha hakuvuta. Alitandaza viganja, mpira ukashika kitambaa, akaanza kukipandisha kwa kukipapasa, kidogo kidogo, nyuma halafu mbele, kifundo, muundi, goti. Kwenye goti alishusha pumzi, akalizunguka kwa vidole gumba, akaendelea. Hakuangalia anachofanya. Dakika mbili hazikufika, na soksi ilikuwa imelala laini mpaka juu.

Mele alipiga mluzi. "Mama, ulikuwa nesi wewe?"

"Posta," Glenys alisema. "Miaka thelathini dirishani, nikiuza stempu."

Narelle hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono ya mama yake.

"Ukifika nyumbani," Glenys alimwambia, "litoe hilo kufuli."

"Kwa nini, Mama?"

Glenys alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua glavu, akapandisha mguu wa suruali yake. Soksi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya rangi ileile ya chai ya maziwa, imefubaa kwa kufuliwa, na gotini nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika.