Ukaguzi wa Saa Kumi

Mbwa hakubweka. Hilo ndilo jambo la kwanza kaka mtu aliloligundua alipofungua geti, na lilimkera, maana alikuwa amesafiri tangu alfajiri na chupa ya dawa ya kupe ya mbwa huyohuyo mapajani.

"Siku hizi habweki," alisema dada yake, akimpokea begi. "Shikamoo kaka. Pole na safari."

"Marahaba. Kazeeka?"

Dada mtu aligeukia jikoni. Alikwenda kumimina chai, akaitia sukari, akakoroga, kisha akaitia sukari tena. Si uchovu wa siku moja ule. Alikuwa amemwandikia kaka yake mara tatu: nimechoka, njoo unipokee kumwangalia baba japo wiki moja nilale. Sasa kaka amekuja, na tiketi ya kurudi kesho asubuhi iko kwenye mfuko wa shati. Alikuja kwanza kuona kama uchovu wenyewe ni wa kweli.

"Mzee anakula?"

"Anakula akishamkagua mbwa. Asipomkagua, hata maji hanywi. Kuna siku nilichoka nikauruka ukaguzi. Alikaa siku mbili bila kutia kitu mdomoni, akilia kwamba kupe watammaliza mbwa wake, Bosi."

Kaka mtu alicheka kidogo. Baba yao alifanya kazi kwenye josho la ng'ombe miaka thelathini, na kazi yake ilikuwa kupe. Sasa macho yalikuwa yameshazima, kumbukumbu nayo inakuja na kukatika kama umeme, lakini vidole havikusahau. Kila siku saa kumi jioni alianza na masikio, akashuka shingoni, mabegani, makwapani, mpaka katikati ya vidole. Mbwa yeyote aliyewahi kuishi nyumba hii aliujua utaratibu huo kuliko alivyolijua jina lake.

Kaka mtu alifungua kabati aweke chupa yake, akakuta nyingine nne zimepangwa. Hazijafunguliwa. Alizituma mwenyewe, moja kila mwezi, na kila alipotuma alijiona mtoto mwema kupita kiasi.

"Hizi vipi?"

"Hana kupe, kaka."

"Bila kupakwa dawa?"

"Baba hajampata hata mmoja. Muulize mwenyewe."

Kaka mtu akatoka barazani na chai yake tamu. Bakuli la mbwa lilikuwa pale ukutani, limejaa vibanio vya nguo. Alilitazama kwa muda mrefu. Mtu anayeshindwa kumwekea mbwa maji, mzee asiyeona anamfanyia nini?

Saa kumi kasoro dakika chache, dada mtu alishika kiuno akainuka. Alikifungua kitambaa chake cha kichwa akakitundika kwenye msumari.

"Saa ya mbwa imefika," alisema. "Wewe pumzika. Ila usiingie, tafadhali. Akikatizwa anaanza upya, na leo mimi mara mbili siwezi."

Dada yake alipoingia chumbani kwa baba, kaka mtu alisogeza kiti chini ya dirisha. Pazia lilikuwa limeshushwa, lakini sauti ya mzee ilipenya vizuri, ile ile ya kazini, ya mtu anayesubiriwa na foleni ya ng'ombe.

"Tulia, Bosi. Sikio hili, safi. Na hili, safi." Kitanda kililia kidogo. "Shingo. Mbona mifupa mitupu? Wanakulisha wewe?"

Kaka mtu alisubiri dada yake ajitetee. Hakujitetea.

"Na hapa begani umekakamaa kama gogo. Mbwa mzima, unabebeshwa nini?" Mzee alikohoa. "Halafu nywele zinakatika. Ona, zimebaki mkononi. Maskini Bosi. Hakuna anayekuangalia, eh?"

Hasira ilimpanda kaka mtu. Kumbe ndiyo maana mnyama habweki: ana njaa! Watu wanaandika barua ndefu za kuchoka, huku mbwa anakauka mikononi mwa kipofu, na dawa imejaa kabatini. Ile wiki aliyoombwa aliifuta hapo hapo. Mtu hapewi likizo ya kazi asiyoifanya. Atasema leo, tena atasema mbele ya baba.

Alikwenda jikoni, akakomba chakula chote kilichobaki sufuriani akakitia kwenye sahani. Akachukua chupa moja ya dawa, akaing'oa kifuniko kwa meno. Atamlisha yeye, atampaka yeye, ili dada mtu aone kazi inavyofanywa. Alisukuma mlango wa baba bila kupiga hodi.

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amekunja mikono ya shati. Chumba kilikuwa kisafi, shuka zimenyooshwa. Hakukuwa na mbwa.

Dada yake alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa amekilaza mapajani kwa baba, nywele zimefumuliwa, na vidole vya mzee vilikuwa vinazichambua polepole, mstari kwa mstari. Alikuwa amelala fofofo.

"Nani huyo?" Mzee alinong'ona, akitega sikio kuelekea mlangoni. Mkono wake mmoja ulishuka ukamshika binti yake nyuma ya shingo, taratibu. "Funga mlango, bwana. Huyu akitoroka, mimi sina mwingine."